Mbwa wa Tanuri na Mkono wa Tone

Nitakupa kisa ambacho hutakiamini, na usipokiamini sitakulaumu. Siku ya kwanza kukisimulia, kinyozi wangu alisimamisha mashine katikati ya kichwa akacheka mpaka akasahau kumaliza, nikarudi nyumbani nimenyolewa upande mmoja. Ni kisa cha mbwa aliyemtetea mtu kazini. Hakubweka wala hakuuma. Alimtetea kwa mate. Humu ndani yumo pia mjomba mmoja, mwoka mikate, mtu mwenye sura nzuri na akili nyingi ambazo shule haikupata nafasi ya kuziharibu. Mjomba huyo ni mimi, lakini nitamwita mjomba mtu, kwa sababu anayejisifu kwa "mimi, mimi" huchokwa mapema, na sifa zenyewe bado nyingi.

Mwenye kisa ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kazini ni fundi wa maabara. Nyumbani ni Tone.

Jina alilipata akiwa mdogo, kimo cha meza ya kukandia unga. Chachu ilikuwa inakorogwa na maji ya vuguvugu kwenye birika, na kila aliyeimimina aliimwaga, mjomba mtu akiwemo ingawa yeye alikuwa na sababu zake. Mtoto akapanda juu ya kreti, akashika birika kwa mikono miwili, ncha ya ulimi nje, akamimina mpaka likabaki tone la mwisho linaning'inia mdomoni mwa birika. Hakulitikisa. Alilingoja. Lilipodondoka lenyewe ndipo akashusha pumzi. Mama yake akasema, "Mtazameni huyu, anangoja tone kama anangoja mgeni." Jina likanasa hapo hapo.

Mikono hiyo ndiyo iliyokuja kumpa kazi. Ajira yake iko kwenye taasisi ya utafiti ambako watu wazima, wenye vyeti ukutani, wanakaa kutwa kuuliza viumbe vilibadilikaje tangu enzi za kale hadi leo. Chumba chake kina friza inayonguruma kama mzee aliyeshiba, ndoo ya barafu, na sahani za plastiki zenye vishimo vidogo safu kwa safu, kama sanduku la mayai lililotengenezwa kwa ajili ya mijusi. Koti lake jeupe lina kifungo kimoja cha rangi tofauti, alichokishona mwenyewe. Chombo chake ni pipeti, kitu kama kalamu nene kinachofyonza na kutema kimiminika kidogo mno. Kidogo kiasi gani? Chini ya jasho la siafu mvivu. Na Tone alikuwa akikigawa kwenye vile vishimo, kimoja baada ya kingine, pasipo kimoja kupata zaidi ya mwenzake.

Mkuu wake ni Daktari, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha mtu mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni, anayemwita kila mtu "mwanangu" hata waliomzidi umri. Chumba cha pili yuko kijana wa kompyuta, wanamwita Skrini. Hao wanatosha. Kisa hiki hakina watu wengi.

Siku moja mjomba mtu aliuliza hao wasomi wanatafuta nini kwenye mate ya mbwa. Tone akamweleza kwa lugha ya tanuri, ndiyo lugha anayoielewa bila kuchoka.

"Chukulia kila kiumbe ana kitabu cha mapishi mwilini, Mjomba. Kila ukurasa unaeleza namna ya kutengeneza kitu fulani. Huo ukurasa ndio jeni."

"Cha kwangu kitakuwa kinene."

"Sawa na cha kila mtu, usijisumbue. Sasa, uko ukurasa mmoja unaoufundisha mwili kutengeneza kitu cha kuvunja wanga. Yaani unga, mkate. Mbwa mwitu ana nakala mbili tu za ukurasa huo, moja ya mama, moja ya baba. Lakini mbwa wengi wanaoishi na watu wanazo zaidi. Ukurasa uleule umejirudia mara nyingi ndani ya kitabu kimoja."

"Mchapaji alisinzia."

"Alisinzia, ndiyo. Ila mbwa aliyeangukiwa na usingizi huo alifaidi makombo kuliko wenzake. Akanenepa, akazaa, watoto wakarithi. Sisi tunahesabu nakala, halafu tunajiuliza: hawa waliishi na nani, na wamekula nini vizazi vyote hivi?"

"Na mnajuaje ukurasa upi ni upi?"

"Kuna kitabu cha kulinganishia, kinaitwa jenomu rejea. Ni cha mbwa mmoja wa mbali, alisomwa mwanzo hadi mwisho. Vitabu vya mbwa wetu tunavipata vimechanika vipande vipande. Kila kipande tunakilaza juu ya ukurasa unaofanana nacho kwenye kile kitabu rejea. Pakiinuka lundo, tunajua hapo nakala ni nyingi."

Mjomba mtu akaweka chini koleo la tanuri. "Mbwa mmoja awe kipimo cha mbwa wote? Alipigiwa kura lini?"

"Hakupigiwa. Aliwahi tu kufika."

Hapo ndipo anapoingia Ganda. Ganda ni mbwa wa tanuri letu, rangi ya mkate uliozidi moto, sikio moja limesimama na jingine limeomba ruhusa. Mama yake alizaliwa nyuma ya tanuri hili hili, na bibi yake pia, wakati baba yake mjomba mtu ndiye aliyekuwa akioka. Ukimtupia mfupa, Ganda anaunusa kwa heshima, kisha anakuangalia mkononi kama kuna ganda la mkate. Tone aliona huyo ni mbwa wa kupimwa. Akaja na kijiti chenye pamba, mjomba mtu akashika kichwa, Tone akapitisha pamba shavuni kwa ndani, na Ganda akadhani ni chakula cha aina mpya, akala kijiti cha kwanza.

"Mjomba, si ulisema umemshika?"

"Nimemshika. Mdomo ndio uliokuwa huru."

Kijiti cha pili kikafika maabara salama.

Sasa nisikilize vizuri, maana kicheko kinapungua kidogo.

Dada yangu, mama yake Tone, alitetemeka mikono miaka yake ya mwisho. Ni mikono tu. Kichwa kilibaki kikali kama wembe. Kikombe kilikuwa kinalia juu ya kisahani, ti-ti-ti-ti, kabla yeye mwenyewe hajatokea mlangoni. Aliona haya mbele ya wageni. Tone akazoea kumjazia chai nusu kikombe tu, bila kusema neno, ili isimwagike. Na mama akimaliza anamwongeza nusu nyingine. Ilikuwa siri yao, ingawa nyumba nzima ilikuwa inaijua.

Basi asubuhi moja, Tone akiwa maabara na pipeti mkononi, alisikia ile sauti. Ncha ya pipeti ilikuwa inagonga ukingo wa kishimo. Ti-ti-ti. Akaangalia mlangoni kwanza, kama vile mama yake anaingia. Kisha akaangalia mkono wake.

Hakumwambia mtu. Akajifunza kushika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba anajipima mapigo. Akawa anafanya kazi wenzake wakienda kula. Kwenye meza ya chakula nyumbani akaacha kutumia kijiko mbele ya watoto wake, akawa anakula mkate mkavu anasema ndio anaopenda, na mjomba mtu, mpumbavu, akajisifu kwamba mkate wake umempata mteja wa kweli.

Kisha majibu ya Ganda yakatoka. Pale nakala huhesabiwa kwa njia mbili: Skrini kwa yale malundo ya kompyuta, na Tone kwa kuchanganya mate na dawa kwenye vishimo, bila kupitia kitabu rejea.

Kwa pipeti ya Tone, Ganda alikuwa na nakala nyingi sana za ule ukurasa wa wanga, nyingi kupita mbwa wote waliopimwa pale. Kwa kompyuta ya Skrini, Ganda alikuwa mbwa wa kawaida tu kama majirani zake. Mbwa mmoja, mate yale yale, majibu mawili. Mmoja wao alikuwa amekosea.

Tone akapima tena. Nyingi. Akapima tena, amezuia pumzi, kifundo amekibana mpaka vidole vikafa ganzi. Nyingi vilevile.

"Dada, usiumize kichwa," Skrini alimwambia, na hakuwa na ubaya, alikuwa anatafuna karanga tu. "Mashine haina mkono. Mkono huzidisha."

Neno hilo lilimwingia Tone kama mwiba wa samaki. Kama mkono wake umeharibu kipimo cha Ganda, basi umeharibu vingapi kabla ya hapo? Mbwa wangapi wameandikiwa uongo? Kazi yote ya Daktari inasimama juu ya matone yake. Ijumaa kulikuwa na kikao cha kuamua vipimo vipi vibaki na vipi vitupwe. Tone akakata shauri: atasimama kabla hajaulizwa, aseme mkono umekwisha, wamwondoe mezani wampeleke stoo akabandike lebo kwenye chupa.

Alhamisi jioni alipita tanurini. Mjomba mtu alikuwa anafuta meza. Tone akakaa juu ya kreti, pengine lile lile la utotoni, na Ganda akamlalia miguuni.

"Mjomba, mama alianza akiwa na umri gani?"

Mjomba mtu alitaka kuuliza kuanza nini, lakini alikuwa amekwisha kuuona mkono. Ulikuwa juu ya goti lake, unatetemeka kidogo, kama majani ya mti ambao upepo haujaamua kama upite.

"Alikuwa mkubwa kuliko wewe," akasema. "Ila alianza kuficha mapema. Kuficha ndiko kulikomchosha, si mkono."

"Kesho nawaambia."

"Uwaambie nini?"

"Kwamba nimeharibu. Huyu," akamgusa Ganda kwa ncha ya kiatu, "nimempa nakala ambazo hana."

"Nani kasema hana? Mtazame tumbo."

Tone akacheka, kisha kicheko kikamgeukia katikati, akaufunika uso kwa ule mkono mwingine uliotulia. Mjomba mtu akaweka chini kitambaa cha kufutia meza. Akavuta kreti la pili akakaa. Akauchukua ule mkono unaotetemeka akaushika katikati ya viganja vyake vyenye unga, na wakakaa hivyo mpaka tanuri likapoa. Alipouachia ulikuwa mweupe wote.

"Sasa umenipaka ngano," Tone akasema. "Ngano nayo ina jeni zake. Nikiingia hivi maabara nitaonekana nimepima andazi."

Ijumaa asubuhi mjomba mtu alivaa shati la harusi, akajaza kikapu mikate, akamfunga Ganda kamba, akaenda kwa miguu hadi taasisi. Alikuwa na hoja. Kama mbwa ndiye anayebishaniwa, na awepo.

"Mbwa haingii," mlinzi wa geti akasema.

"Huyu si mbwa, ni kielelezo."

"Kielelezo chako kinakojolea tairi la gari la mkuu."

Mazungumzo yakaendelea kwa hoja nzito pande zote mbili, na mjomba mtu akaamua, kwa hiari yake kabisa, kuongoza mambo akiwa getini.

Kwa hiyo ya ndani nayaeleza kama Tone alivyoyaeleza, na nimeongeza chumvi ya kawaida tu.

Kikao kilikuwa chumbani kwa Daktari, viti vimekaribiana mpaka magoti yanagusana. Daktari hajafungua mdomo, Tone akasimama. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yao na kuuacha wazi, bila kuushika. Ukatetemeka. Friza ikasikika kutoka chumba cha pili.

"Mama yangu alikuwa nao," akasema. "Sasa ni wangu. Nimeuficha. Kipimo cha mbwa wa mjomba wangu kimeharibika kwa sababu yake, na huenda vingine pia. Naomba mnitoe mezani."

Skrini akaacha kutafuna. Daktari akavaa miwani.

"Kaa, mwanangu. Mkono nimeuona zamani. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, na sasa naona nilingoja kupita kiasi; hilo nisamehe." Akavuta majibu karibu. "Umempima huyu mbwa mara ngapi?"

"Nyingi. Kila mara ni vilevile."

"Vilevile kabisa? Hakuna siku ilipanda, siku ikashuka?"

"Hapana. Inarudi pale pale."

"Na mbwa wengine uliowapima kwenye sahani hiyo hiyo?"

"Wamelingana na kompyuta."

Daktari akaegemea kiti. "Mkono unaotetemeka hukosea huku na kule, mwanangu. Leo unazidisha, kesho unapunguza. Hauwezi kukosea kwa mbwa mmoja tu, upande mmoja tu, pale pale kila siku. Huo utakuwa ni mkono wenye chuki binafsi." Kicheko cha mtu mrefu kikatoka. "Mkono wako tutaushughulikia. Lakini hapa si wenyewe. Skrini, tuonyeshe lundo."

"Lundo gani, Daktari?"

"La Ganda, kwenye ukurasa wa wanga. Kabla halijakatwa."

Skrini akasukuma karanga zake kando. Maana ipo amri aliyoiweka mwenyewe kwenye kompyuta, na alikuwa na sababu nzuri: malundo marefu kupita kiasi mara nyingi huwa takataka, vipande vya kurasa nyingine vilivyokosa pa kulala vikarundikana pasipo pao. Basi alikuwa ameiagiza kompyuta, lundo likipita kimo fulani, likatwe lilingane na la mbwa wa kawaida. Na kwa mbwa wote wa utafiti ule, amri hiyo haikuwa imemgusa yeyote pale kwenye ukurasa wa wanga. Isipokuwa mmoja.

Akaiondoa amri. Lundo la Ganda likapanda kwenye kioo, likapanda, likapita ukingo wa juu, ikabidi Skrini apunguze picha ndipo kichwa chake kionekane.

Daktari akainuka akasogea kwenye kioo.

"Tatizo letu liko hapo," Daktari akasema taratibu, anaonyesha chini ya lundo. "Kitabu rejea kina ukurasa huu mahali pamoja tu. Ndicho kitabu cha yule mbwa mmoja, na waliokifunga walipokuta kurasa zinazofanana huenda walidhani ni ule ule, wakabakiza mmoja. Sisi tukakizoea. Mbwa akija na kitabu kinene kuliko hicho, tunadhani yeye ndiye mwenye kasoro." Akamgeukia Tone. "Na wewe ukadhani ni wewe."

Tone akalitazama lundo. Mkono wake ulikuwa bado mezani, unatetemeka mbele ya watu, na hakuna aliyeuangalia kwa haya, hata mwenyewe.

Daktari hakuishia hapo, maana lundo peke yake lingeweza kweli kuwa takataka. Mate ya Ganda yalipelekwa kwenye mashine nyingine inayosoma vipande virefu, vya kurasa nyingi zikiwa bado zimeshonwa pamoja. Majibu yaliporudi, nakala zilikuwa zimepangana, moja nyuma ya nyingine, kama mikate kwenye trei. Tone alikuwa amezihesabu sawasawa kwa mkono ule ule.

Alipokuja kutoa habari tanurini, mjomba mtu alisimama wima. "Kwa hiyo ni mikate ya baba yangu iliyombadilisha mbwa huyu!"

"Si ya babu peke yake, Mjomba. Ni maelfu ya miaka ya makombo, nyumba kwa nyumba."

"Lakini ya babu imo."

Tone akamwangalia Ganda, akamwangalia mjomba wake. "Ya babu imo," akasema, na hiyo ilikuwa zawadi, maana yeye husema ukweli hata kwenye mazishi.

Siku hizi Tone bado yuko mezani pake. Daktari alimpatia pipeti ya umeme inayojifyonzea yenyewe ukibonyeza, na mjomba mtu akamchongea kibao cha kuegemezea kiwiko kutoka kwenye koleo la zamani la baba yake. Kibao kimefutwa kwa dawa mpaka harufu ya mkate imetoka, na kimeviringishwa plastiki juu yake, lakini kipo. Daktari wa hospitali amempa vidonge. Vinasaidia siku nyingine, nyingine haviendi popote. Aliwahi kuuliza kama mtetemo wa mama yake umo kwenye ukurasa fulani wa kitabu chake yeye. Daktari, yule mkuu wake, alimwambia kweli: huenda, bado hatujaujua ni upi. Tone akasema si kitu. Akitetemeka akiwa peke yake, alisema, sasa anahisi kama mtu amemshika mkono kwa ndani.

Ninayaandika haya nyumbani kwake, yeye yuko upande wa pili wa meza, Ganda chini. Na hapa ndipo kisa kinapofikia muujiza wenyewe, msomaji wangu, ule niliokwambia hutauamini: kwamba tangu ile Ijumaa mkono wa mpwa wangu umetulia tuli kama jiwe la msingi, na sasa hivi ananimiminia chai kutoka birika zito, kikombe kimejaa pomoni mpaka ukingoni, na halijamwagika hata to—

"Limemwagika, Mjomba. Liko hapo kwenye karatasi yako. Na nimekujazia nusu. Andika vizuri."